Dungu la Mgeni na Dungu la Mkulima

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii tunaitamka kila siku, na kwa kuwa tunaitamka kila siku tumeacha kuitafakari. Haisemi kwamba mgeni ndiye atakayepona. Inasema kwamba mwenyeji ndiye apataye nafuu kwa kuja kwa mgeni: atachinjiwa kuku na yeye, atapata habari za mbali, na nyumba yake itapata heshima. Ukarimu wa jadi yetu, basi, haukuwa utumishi. Ulikuwa uhusiano wa watu wawili, kila mmoja na heshima yake, na mwenyeji ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Katika makala haya nakusudia kuitumia methali hiyo kama kipimo cha kuhakiki kazi ambayo wahakiki wetu hawajaizoea, nayo ni hoteli.

Msomaji asishangae. Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia, mashairi, ngoma na vinyago, lakini nyumba nayo ni kazi ya sanaa. Ina fani yake na maudhui yake. Hoteli ya watalii ni zaidi ya nyumba ya kawaida, kwani imejengwa makusudi ili imsimulie mtu asiyetujua sisi ni watu gani na nchi yetu ni nchi gani. Ikisimulia uongo, uongo huo husafiri mbali kuliko kitabu chochote tuandikacho.

Wala mjadala wa utalii si mgeni nchini. Mwaka 1970 wasomi wa Dar es Salaam walibishana katika gazeti la The Standard juu ya nafasi ya utalii katika nchi iliyokuwa ikijenga ujamaa, na mwaka 1973 mabishano hayo yalikusanywa na Issa Shivji katika kitabu kilichotolewa na Tanzania Publishing House. Katika siku hizo hoteli iliyokuwa mbele ya macho ya watu ilikuwa jumba la zege, refu au pana, lisilofanana na kitu chochote kijijini. Ilikuwa rahisi kulinyoshea kidole. Hoteli inayosifiwa leo imebadili vazi. Ni ndogo, ina vyumba vichache, imejengwa kwa udongo, miti na nyasi, inatumia umeme wa jua, nayo inajiita rafiki wa mazingira. Yatupasa kuuliza iwapo, pamoja na vazi, imebadili moyo.

Nililala siku tatu katika hoteli ya namna hiyo chini ya milima ya Udzungwa, kati ya Kidatu na Ifakara. Jina lake sitalitaja, maana sikukusudia kumshitaki mtu. Naichukua kama mfano wa aina yake. Nyuma yake kuna msitu wa hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1992. Mbele yake kuna mashamba ya miwa na mpunga, reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na mbali zaidi lile bonde kubwa ambamo mto Kilombero hutambaa hadi ukutane na Luwegu na kuwa Rufiji. Wakati wa masika sehemu kubwa ya bonde hugeuka kuwa ziwa. Mwaka 2002 ardhi oevu hiyo, yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 8,000, iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu duniani. Ni mahali penye sheshe, viboko na ndege wasiohesabika. Pia ni mahali penye Wandamba, Wapogoro, Wambunga na wengineo waliohamia, ambao wamelima mpunga hapo tangu kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Tuanze na fani. Hapana budi kuisifu. Kuta zimekandikwa kwa udongo wa hapohapo na kusuguliwa hadi zikalainika kama chungu kipya. Paa ni la nyasi nene, lililoshuka chini kiasi cha kuzuia jua la saa nane, na usiku mvua ilinyesha bila kelele ile ya bati inayomnyima mtu usingizi na mazungumzo. Vyumba viwili vimeinuliwa juu ya nguzo za miti, vikafikiwa kwa ngazi, mithili ya dungu. Mafundi wote walikuwa wa vijiji vya karibu, na kazi yao inaonyesha kuwa walijua wanachokifanya. Mtu aliyelala katika chumba cha zege pale Dar es Salaam, akategemea mashine ya ubaridi usiku kucha, atatambua mara moja kwamba babu zetu walilitatua tatizo la joto bila kulipia umeme.

Hapo ndipo sifa inapogeuka kuwa lawama, na lawama ya kwanza haimwendei mwenye hoteli, yatuendea sisi. Katika miaka ya 1970, wakati wa kujenga vijiji, tulihimizana juu ya nyumba bora. Himizo lenyewe lilikuwa jema, kwa kuwa nyumba nyingi zilikuwa na giza, moshi na panya. Lakini katika kichwa cha mwananchi nyumba bora ikawa na maana moja tu: tofali na bati. Udongo ukawa alama ya umaskini, na nyasi zikawa aibu. Hatukuwatuma wajenzi wetu wakauchunguze udongo huo, wakaukaza, wakaupa dirisha pana na msingi imara. Tuliutupa pamoja na ujuzi wake. Leo mgeni ameuokota, ameusafisha, naye anautukodisha kwa bei ambayo aliyeukandika hawezi kuilipa. Tusimlaumu aokotaye kabla ya kumlaumu atupaye.

Tuliangalie sasa hilo dungu, kwa sababu ndilo kiini cha fani ya hoteli hii na ndilo picha yake katika matangazo. Kwa mkulima wa Kilombero dungu ni chombo cha kazi. Mpunga unapokuwa shambani, familia nyingi huhama kijijini na kwenda kuishi shamba, pengine mwendo wa saa nyingi kwa miguu au kwa mtumbwi. Huko hujenga kibanda juu ya nguzo, ili maji yapite chini na jicho lione mbali. Kutoka juu yake watoto huwafukuza kweleakwelea kwa kombeo na kwa makopo, na baba hukesha kwa ajili ya nguruwe na viboko. Humo hupikwa, hulalwa, huumwa na huzaliwa watoto. Dungu ni nyumba ya mtu anayelinda chakula chake. Urefu wa nguzo zake umepimwa kwa mafuriko, na upana wa sakafu yake umepimwa kwa idadi ya wana.

Dungu la hoteli limeelekezwa msituni, likalipa mgongo shamba. Nilimwuliza mzee mmoja mlinzi, ambaye ujana wake wote aliumaliza katika mpunga, "Shikamoo mzee. Vyumba hivi vya juu unavionaje?"

"Marahaba, mwanangu. Vizuri sana," akajibu. Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Ila dungu lisilo na shamba, linalinda nini?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Mzee hakuwa akidharau, alikuwa akihakiki. Kwa sentensi moja aliligusa kosa ambalo katika fasihi tunaliita fani iliyotengana na maudhui. Umbo limechukuliwa, sababu ya umbo imeachwa. Ni kama kucheza ngoma ya mavuno mahali ambapo hakuna aliyelima.

Mfano wa pili ni chandarua. Katika kila chumba kimetundikwa kimoja, cheupe, kikubwa, kimefungwa kwa utepe kama nguo ya bibi harusi. Wageni hukipiga picha, kwa kuwa kinawakumbusha habari za wasafiri wa kale wa Kizungu. Lakini katika bonde hili chandarua kina historia nyingine, iliyo kubwa kuliko hiyo. Maabara ya utafiti ilianzishwa Ifakara mwaka 1957 na Rudolf Geigy kutoka Uswisi, na kutokana nayo ikakua taasisi ya utafiti wa afya inayojulikana duniani. Katika wilaya za Kilombero na Ulanga, mwishoni mwa miaka ya 1990, vyandarua vyenye dawa viliuzwa kwa wananchi kwa jina la Zuia Mbu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa matumizi yake yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Akina mama wa bonde hili, kwa kununua na kutundika, waliufundisha ulimwengu jambo. Mgeni anayelala chini ya chandarua kule Udzungwa analala ndani ya moja ya kazi kubwa za wananchi wa Kilombero, na hakuna anayemwambia. Kimebaki pambo.

Mfano wa tatu ni choo. Hoteli yetu hujivunia choo kisichotumia maji, na kuna maandishi ukutani yanayomfundisha mgeni namna ya kumwaga majivu baada ya haja. Jambo zuri, na mgeni huliona kuwa hekima mpya. Sisi wenye umri tunakumbuka mwaka 1973, ilipoendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili wakakaa katika vikundi kusikiliza redio, kusoma na kujadiliana, kisha wakainuka na kuchimba vyoo. Majivu yalikuwamo jikoni mwa kila nyumba. Kama ukuta ule ungeandikwa habari hiyo, choo kingekuwa somo la historia ya taifa zima. Kwa jinsi kilivyo sasa, kinamfanya mgeni aamini kwamba usafi umefika bondeni pamoja naye.

Kutoka hapo tumekwisha kuingia katika maudhui. Dhamira kuu ya hoteli hii, kama ilivyoandikwa katika karatasi inayowekwa mezani, ni kwamba mgeni amefika mahali "pasipoguswa". Neno hilo laonekana dogo, lakini ndilo linaloharibu kazi yote. Bonde la Kilombero limeguswa. Limeguswa na jembe, na mtumbwi, na ndoana, na moto wa kiangazi, na kaburi. Kuliita halijaguswa ni kuwafuta walioligusa. Hata msitu wenyewe una wenye kuujua. Mwaka 1979 wanasayansi walimtambua katika msitu wa Udzungwa nyani mdogo ambaye hakuwa katika vitabu vyao, wakamwita kwa jina la kijiji cha Sanje. Wenyeji walikuwa wakimjua siku zote, nao walimwita ng'olaga. Vitabu vinasema aligunduliwa. Mimi nasema walitambulishwa kwake.

Usiku wa pili tuliota moto. Kila jioni watumishi huwasha moto mkubwa katikati ya uwanja, viti vikazungushwa, wageni wakanywa na kusimuliana. Moto ule uliniburudisha, sitakana. Asubuhi yake nilitembea barabarani, nikakutana na mama wa makamo amejitwika kifurushi chembamba cha kuni. Tulisalimiana, nikamwuliza anatoka nacho wapi. Akaniambia amekinunua. "Zamani tulikuwa tunaokota mlimani," akasema, "siku hizi mlimani hatuendi." Aliyosema yanajulikana. Kwa miaka mingi wanavijiji wa kando ya hifadhi waliruhusiwa kuingia siku maalumu za wiki kuokota kuni kavu, na mwaka 2011 ruhusa hiyo ikaondolewa. Uamuzi huo ulikuwa na hoja yake. Msitu wa Udzungwa ndio unaotunza vijito vinavyonywesha mashamba na vijiji hivyo hivyo, na msitu ukimalizika hata mama yule hatabaki na kitu. Sibishani na uhifadhi. Nabishana na moto wa kupamba jioni. Mahali ambapo mama ananunua kuni za kuivishia ugali, kuni za kuangaza vinywaji si rafiki wa mazingira, hata kama zimenunuliwa kwa haki. Mazingira si miti peke yake. Mama yule naye ni mazingira.

Hapa huenda msomaji akasema: mwandishi anadai mno, hoteli ni biashara, imewapa vijana kazi, imenunua nyasi na udongo, haikukata msitu, wataka nini tena? Hoja hii ina nguvu, nami siipuuzi. Wale vijana walipata mshahara uliofika nyumbani, na mmoja wao aliniambia kwa fahari kwamba anajua majina ya ndege wengi kwa Kiingereza na kwa Kilatini. Nilifurahi. Kisha nikamwuliza bibi yake huwaitaje. Akacheka, akasema hakuna mgeni aliyewahi kumwuliza hivyo. Nilipomsisitiza alinitajia majina manane mfululizo, na kwa kila jina akaeleza ndege huyo huashiria nini anapolia: mvua, kukauka kwa maji, mpunga kukomaa. Kwa nusu saa ile kijana alikuwa mwenyeji, nami nilikuwa mgeni. Siku nyingine zote alikuwa mtumishi. Hicho ndicho ninachotaka, nacho hakigharimu shilingi.

Wala sitaki jambo lisilowezekana. Msomaji avuke nami mpaka Zanzibar, kwa sababu huko upo mfano wa kulinganisha. Kusini ya mji wa Zanzibar, mwendo mfupi kwa mashua, kipo kisiwa kidogo cha Chumbe. Mwaka 1994 mwamba wake wa matumbawe ulitangazwa kuwa hifadhi, na kando ya mnara wa taa wa kale vikajengwa vibanda saba vya wageni. Paa la kila kibanda hukinga mvua na kuitia katika birika lililo chini ya sakafu, taa ni za jua, na vyoo havitumii maji. Katika fani, basi, Chumbe na hoteli yetu ya Udzungwa ni ndugu. Tofauti iko katika maudhui. Waliowekwa kuwa walinzi wa mwamba walikuwa wavuvi wa maji yale yale, na ujuzi wao wa uvuvi ukafanywa mwanzo wa kazi yao mpya. Na fedha ya mgeni imetumika pia kuwapeleka wanafunzi wa Unguja kisiwani, wavae miwani ya kuzamia, waone kwa macho yao kile ambacho wengi wao, ijapokuwa walizaliwa pwani, hawakuwahi kukiona. Chumbe nacho ni mradi wa mtu binafsi, na bei zake si za mfuko wa mkulima. Sikisifu kana kwamba hakina dosari. Lakini mtoto wa Unguja anayetoka pale anarudi nyumbani akiwa mwenyeji zaidi kuliko alivyokwenda. Hapo mwenyeji amepona.

Ni watoto wangapi wa Mang'ula, Sanje au Ifakara waliokwisha kupanda ngazi za lile dungu la hoteli? Nilipouliza niliambiwa kwamba wanafunzi hupita nje, wakielekea shuleni, na kwamba wageni hupenda kuwapungia mkono.

Basi hukumu yangu ni hii. Kama kazi ya ufundi, hoteli ya Udzungwa ni nzuri, na inastahili kutembelewa na kila mjenzi wetu anayedhani kwamba uzuri hutoka katika mfuko wa saruji. Kama kazi ya utamaduni haijakamilika, kwa sababu imemwalika mgeni bila kumweka mwenyeji. Imelitunza jani, ikamsahau aliyelipa jina. Kosa hilo haliponywi kwa kuongeza vinyago ukutani wala kwa kuita kikundi cha ngoma Jumamosi. Huponywa kwa kuligeuza dungu litazame shamba tena: mgeni akae pale mwezi wa Mei pamoja na mkulima, aone ndege wanavyoshuka katika mpunga, ashike kombeo, kisha usiku ale wali wa mpunga ule ule na kambale wa mto ule ule, aambiwe umetoka kwa nani. Zipo pia bei za wananchi, ambazo hoteli ingeweza kuziweka wakati wa masika, wageni wa mbali wanapopungua na vyumba vinapokaa vitupu.

Kwa upande wetu, sisi tulio katika ofisi za utamaduni, katika vyuo na katika halmashauri, tuna deni letu. Tumeandika mengi juu ya ngoma na juu ya lugha, tumeandika machache juu ya nyumba. Ufundi wa kukandika, wa kuezeka na wa kusimamisha nguzo katika udongo wa mafuriko unajulikana na wazee ambao hawataishi milele. Yafaa waitwe katika vyuo vya ufundi wakafundishe, walipwe kama walimu, na ujuzi wao uandikwe kwa Kiswahili. Pasipo hivyo, siku moja mjukuu wa Mndamba atalazimika kukodi chumba hotelini ili aone jinsi babu yake alivyokuwa akijenga.

Siku ya tatu nilifunga mzigo. Wahenga walikuwa na methali juu ya siku hiyo pia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nililipa, nikaaga, na yule mzee akanisindikiza mpaka barabarani kama ilivyo desturi ya watu, ingawa haikuwa sehemu ya kazi yake. Hakunipa jembe. Aliniuliza kama nitarudi wakati wa mavuno. Nikamwahidi kwamba nitarudi, na kwamba safari hiyo nitafikia kwake.